Nisikae, nikae wapi?

BARUA

Shikamoo mama.

Nakuandikia usiku maana ndiyo saa pekee ninayoipata. Nipo Makorora, hapa Tanga mjini. Nina miaka 34, mume wangu ana 41, na tuna watoto wawili, mkubwa ana miaka 11. Mume wangu alikuwa mkwezi. Miaka mitatu iliyopita alianguka toka mnazini huko Kigombe, akavunjika uti wa mgongo kiunoni. Alilazwa miezi, akarudi nyumbani hai, tunamshukuru Mungu, ila kuanzia kiunoni kwenda chini hasikii kitu. Anatumia kiti mwendo.

Mama, huyu si mtu wa kukaa bure. Alipoona miguu haitarudi alijifunza kushona kofia, zile za kudarizi kwa mkono. Kila siku akishakunywa chai namtoa barazani, anashona mpaka isha. Rafiki zake wanapita, wanacheza bao, wanabishana habari za mpira. Siku hizi mtaa mzima unamwita fundi. Baraza ile ndiyo iliyomrudisha duniani.

Masika yalipokwisha nikaona doa la majimaji ya damu kwenye shuka. Nilipomgeuza nikakuta kidonda kwenye kalio la kushoto, palepale penye mfupa wa kukalia. Kilikuwa kama punje ya harage. Wiki mbili baadaye kimekuwa ukubwa wa kisoda na kina shimo, ncha ya kidole changu cha mwisho inaingia. Yeye hajakisikia hata siku moja.

Nesi wa zahanati anakisafisha vizuri na mimi amenifundisha. Ila alisema neno moja: "Asikae." Nilipomfikishia mume wangu, aliniangalia, akasema, "Nisikae, nikae wapi?" Tangu siku hiyo hatuelewani. Nikimlaza anageukia ukutani, haongei. Maji ameacha kunywa, anasema hataki kunisumbua na mambo ya mkojo. Chakula anaonja tu. Mara mbili nimerudi toka kuuza nimemkuta ameshajiburuta mwenyewe mpaka kwenye kiti, yupo barazani na kofia yake.

Mama mkwe ameleta tyubu ya pikipiki iliyojazwa upepo, anasema akalie hiyo, kidonda kiwe kwenye tundu. Jirani kanipa vidonge vya rangi mbili, vile vya antibiotiki, nifungue nimwage ule unga kidondani. Mwingine anasema asali, mwingine anasema kiachwe wazi kipigwe jua. Na mimi usiku nalala kwa vipande, kila baada ya saa mbili naamka kumgeuza, saa kumi alfajiri nipo jikoni na unga wa vitumbua. Nimechoka mama. Juzi nimemfokea mtu asiyeweza kusimama, kisha nikajifungia chooni nikalia.

Nataka kujua nimfanyeje apate raha wakati kidonda kinapona. Atarudi lini kwenye kiti? Na je, yametupata haya kwa sababu hatuna uwezo?

Mama Vitumbua, Makorora

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili sikuweza kuvuka ile sentensi ya mumeo. Nisikae, nikae wapi? Wewe umeisikia kama ukaidi. Mimi naisikia kama swali ambalo mpaka leo hakuna aliyemjibu. Nesi wenu amesema kweli, kwenye kalio lile asikae. Lakini amenyang'anywa kiti, baraza, kofia na rafiki kwa neno moja, na hakupewa mahali pengine pa kuwa. Tumtafutie mahali hapo, maana bila hivyo atakuwa anajiburuta kwenye kiti kila ukigeuka.

Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa najua ndilo linalokula moyo. Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyecheza Superman, alianguka toka kwenye farasi mwaka 1995 akapooza kuanzia shingoni. Fedha alikuwa nazo, na watu wa kumhudumia usiku na mchana alikuwa nao. Oktoba 2004 alifariki wakati akitibiwa kidonda cha aina hiihii kilichokuwa kimeingiwa na vijidudu. Kwa hiyo uache kujihukumu, na wakati huohuo ujue kwamba hicho kisoda si kitu cha kuchezea.

Kidonda cha mgandamizo humpata yeyote ambaye mwili wake hauwezi kumpa taarifa. Mimi na wewe tukikaa kwenye benchi la mbao kwa dakika kumi tunajisogeza bila hata kukatiza mazungumzo. Panauma, tunahama. Kwa mumeo taarifa ile inakatikia kiunoni. Anakaa juu ya mifupa miwili iliyochongoka kama viwiko, na nyama iliyobanwa kati ya mfupa na kiti haipati damu. Ikikosa damu kwa muda mrefu inakufa, na mara nyingi inaanza kufa kule ndani karibu na mfupa, ngozi ya juu inafuata mwishoni. Ndiyo maana uliona punje ya harage na baada ya wiki mbili ukaona shimo. Shimo lilikuwepo zamani, mlango wake tu ndio ulikuwa haujafunguka.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini dawa ya kupaka peke yake haitakiponya. Kidonda hiki kinapona pale uzito unapoondoka juu yake.

Sasa ile tyubu. Mwanangu, irudishe kwa heshima, maana mama mkwe wako ameileta kwa mapenzi, lakini mumeo asiikalie. Nasema hivi kwa uchungu. Baba yangu alipopooza upande mmoja, mimi niliyevaa sare ya unesi miaka mingi nilimkalisha kwenye tyubu ya gari niliyoifunga kwa khanga, kwa sababu ndivyo tulivyowaona wakubwa zetu wakifanya. Siku ya tatu nilipomwinua nilikuta duara limechorwa matakoni mwake, mstari mweusi, mgumu, kama ukingo wa sahani uliogandamizwa kwenye donge la unga. Katikati ya duara nyama ilikuwa imevimba. Tyubu inabana pande zote za kidonda, damu inayotaka kuingia katikati inakuta njia zote zimefungwa. Nilikuwa nimekinyima kidonda cha baba yangu hata kile kidogo kilichokuwa kikimfikia. Kiti cha plastiki kilichotobolewa kwa ajili ya choo ni tundu lilelile. Asikae hapo kwa muda mrefu, dakika chache tu, na ukingo wake uzungushie sponji laini uliyoivika plastiki inayofutika.

Rangi mbili tupa. Unga ule hauui vijidudu vilivyo kidondani kwa namna unayodhani, unavifundisha kuizoea dawa, na unaacha tope ambalo nesi atahangaika kulitoa. Asali ya dukani nayo haijasafishwa kwa ajili ya vidonda. Spiriti na dawa zinazotoa povu zinachoma nyama changa inayojaribu kuota. Na kukianika juani ni kukikausha, wakati nyama mpya huota vizuri penye unyevu wa kiasi, chini ya gozi safi. Endelea na alichokufundisha nesi. Akikuambia utumie maji ya chumvi, chemsha maji safi, kwa nusu lita tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, funika, yapoe, na yakipita siku moja mwaga, chemsha mengine.

Tuje kwenye kulala, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1944 daktari mmoja, Ludwig Guttmann, alipewa wodi ya waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza. Kabla yake wagonjwa wa namna hii walihesabiwa kuwa ni wa kufa tu, kwa vidonda na kwa maradhi ya mkojo. Yeye akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Watu wakaanza kuishi. Miaka minne baadaye wagonjwa wake walikuwa wanashindana kulenga mishale wakiwa juu ya viti mwendo, na kutoka pale ndipo ilipozaliwa michezo ya Paralimpiki. Kwa hiyo hizo saa mbili zako hazikuanzia kwenye hiyo zahanati, zina historia kubwa. Lakini Guttmann alikuwa na zamu za manesi, na wewe huna zamu.

Kwa mtu aliyeumia kiunoni, ambaye mabega yake yana nguvu na kifua hakina tatizo, ipo njia itakayokupa usingizi. Alale kifudifudi. Kidonda kipo kwenye kalio, akilala kifudifudi hakuna kinachokigusa hata kidogo. Mwulize nesi au mtu wa fiziotherapia kwanza kama nyonga na magoti yake yananyooka, maana yakiwa yamekakamaa haitafaa. Wakikubali, panga hivi: mto chini ya kifua, kwapa zikae juu ya ukingo wake, mikono iwe huru mbele. Kisha acha nafasi. Mto wa pili chini ya mapaja. Tumbo la chini, sehemu zake za siri na mpira wa mkojo kama anao vikae kwenye ile nafasi, visibanwe na chochote. Mto wa tatu chini ya miundi, ili magoti yasikandamizwe na vidole vya miguu vining'inie bila kugusa godoro. Usiku wa kwanza dakika 20 zinatosha. Mgeuze, washa taa, tazama magoti, mifupa ya mbele ya nyonga, mbavu. Kama ngozi iko salama, kesho ongeza. Wapo wanaofika mahali pa kulala hivyo usiku mzima, na wenza wao wanalala pia. Itachukua wiki kadhaa, usiharakishe, lakini naona hapo ndipo raha yako na yake zinapokutana.

Zile saa ambazo hayupo kifudifudi, alale ubavu wa kulia, na asilalie nyonga wima kama ubao. Mwinamishe nyuma kidogo, mto uwe mgongoni, mwingine kati ya magoti, mwingine kati ya vifundo vya miguu. Akilala chali, weka mto chini ya miundi mpaka visigino vielee, kiganja chako kipite chini yake. Kichwani usimpandishe sana, mto mmoja au miwili yatosha. Watu wengi humkalisha mgonjwa nusunusu kitandani wakidhani wamempumzisha. Anateleza polepole, ngozi inabaki imeng'ang'ania shuka, nyama ya ndani inashuka, na mishipa midogo iliyo katikati inakatika. Ndivyo inavyotokea pia anapojiburuta kwenda kwenye kiti. Kila mburuto mmoja unaweza kufuta kazi ya siku nyingi ya kile kidonda. Ahamishwe kwa kunyanyuliwa, wewe na kijana wa jirani, au kwa ubao laini uliopigwa msasa unaounganisha kitanda na kiti.

Umesema godoro lenu limebonyea? Hukusema, lakini nalijua joto la Tanga na magodoro yetu. Fanya hivi: akiwa amelala, pitisha kiganja chini ya godoro, mahali penye kiuno chake. Ukiusikia uzito wa mwili wake juu ya mkono wako, sponji imekufa, hapo analalia chaga. Shuka ivutwe, isiwe na mkunjo. Makombo ya vitumbua yakung'utwe. Plastiki msiitandike moja kwa moja chini ya ngozi, atafukuta jasho, na ngozi iliyolowa inachanika upesi. Na kama anavaa jinzi, aziache kabisa. Zile mishono minene na vifungo vya chuma vya mfuko wa nyuma ni kama mawe kwa mtu asiyesikia. Avae msuli, fundo likae mbele tumboni, nyuma pawe wazi pasipo mikunjo.

Mambo ya mkojo na maji. Mwambie kwamba kunywa maji kidogo hakumpunguzii kazi mkewe, kunamwongezea. Mkojo unakuwa mzito, unaleta maambukizi na mawe, na homa ikija kidonda nacho kinasimama. Chupa ya lita moja na nusu ikae mahali mkono wake unapofika, ya kwake mwenyewe, ajaze na amalize. Asisubiri kuombaomba maji kama mgeni nyumbani kwake.

Chakula ni dawa kamili hapa, sitanii. Kidonda kinavuja maji yenye protini mchana na usiku, na mwili unahitaji protini zaidi kujenga nyama mpya, kati ya gramu 1.25 na 1.5 kwa kila kilo ya mtu. Mwanamume wa kilo 60 anahitaji kama gramu 75 hadi 90 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa ina 8. Gramu 50 za dagaa wakavu zinampa zaidi ya 25, na dagaa Tanga hawakosekani. Kikombe cha maharage au mbaazi zilizoiva kwenye tui kinampa karibu 15. Vitumbua vyako hata viwe vitamu namna gani ni wanga na mafuta, asishibe hivyo asubuhi ukasema amekula. Mpe kidogo kidogo mara tano, kuliko sahani kubwa mara mbili inayomtazama mpaka inapoa. Na machungwa ya Muheza yanapokuwa msimu, mpe mtoto kazi ya kummenyea. Kama anavuta sigara, hizi ndizo siku za kuacha, kwa sababu moshi unabana mishipa ileile tunayoitaka ipanuke.

Sasa nina maneno na mumeo. Msomee, au mpe asome mwenyewe.

Mwanangu fundi, pole kwa ulipofika. Mke wako anaona kitu ambacho wewe hukioni na hukisikii. Mtu akiambiwa ana kidonda asichokiona na kisichomuuma, halafu kwa ajili hiyo aache kila anachokipenda, ni haki yake kukasirika. Kwa hiyo nakuomba ukione. Leo mkeo akisafishe, aweke kisoda safi pembeni bila kugusana na kidonda, akipige picha kwa simu yako, si yake. Kila Ijumaa piga nyingine. Kaa nazo wewe, zilinganishe wewe. Usiku akupe kioo cha mkononi, ukague na kalio la kulia, maana linabeba sehemu yake. Hiki kidonda ni chako, na mwenye kukisimamia ni wewe. Mkeo ni mikono tu ya mahali usipofika. Ukiona wiki mbili zimepita na kisoda kimebaki kuwa kisoda, wewe ndiye useme "nipelekeni", usisubiri kuambiwa.

Na msisubiri wiki mbili kwa haya yafuatayo, ni siku hiyohiyo hospitali ya Bombo: harufu mbaya, usaha, nyama nyeusi, ngozi ya pembeni kuwa ya moto na ngumu, homa au kutetemeka, au nesi akigusa kitu kigumu chini ya shimo. Kitu kigumu ni mfupa, na mfupa ukiingiwa na vijidudu ni habari nyingine, ya dawa za wiki nyingi na pengine upasuaji. Kwa kuwa maumivu hayakufikii, mwili wako utakuambia kwa lugha yake. Miguu ikianza kukakamaa na kurukaruka kuliko kawaida, au ukijisikia mchovu bila sababu, hiyo ni taarifa. Hata kama hakuna dalili yoyote kati ya hizi, kidonda chenye shimo linaloingiza ncha ya kidole kinastahili kuonwa na daktari mara moja, apime kina chake na sukari yako pia. Nesi wa zahanati atafurahi kusaidiwa.

Nirudi kwako mama. Umeuliza atarudi lini. Kidonda cha kina hicho ni wiki nyingi, mara nyingi miezi. Sitakudanganya. Kikianza kupungua, anayekitibu anaweza kumruhusu akae mara tatu kwa siku, kila mara isizidi saa moja, kwa mfano wakati wa kula na watoto. Kikishafunga kabisa anaanza upya kama mtoto anayejifunza kukaa, dakika 15, kisha anarudi kitandani na mnakagua. Vitabu vingi vinasema mtafute wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu unajificha, tafuteni weusi uliozidi au rangi ya zambarau, na tumieni mgongo wa kiganja: je, hapo ni pa moto kuliko upande wa pili? Ni pagumu, au pamekuwa laini kama embe lililoiva kupita kiasi? Alama ikiondoka ndani ya nusu saa, kesho ongezeni robo saa. Isipoondoka, rudini nyuma. Na kovu halitakuwa na nguvu ya ngozi ya zamani hata likae miaka.

Kabla hajarudi, kiti chenyewe kitazamwe, kwa sababu kidonda hiki kilitengenezwa pale. Akikaa, pitisha vidole vyako, kiganja kikitazama juu, chini ya mfupa wake wa kukalia, juu ya mto wa kiti. Jaribu kuchezesha ncha za vidole. Zikicheza kidogo juu na chini, mto unafaa. Ukiweza kuvichomoa kwa shida tu, mto umekwisha. Tazama pia pa kukanyagia. Pakiwa juu sana magoti yanapanda, mapaja yanaelea, na uzito wote unahamia kwenye ile mifupa miwili. Kulishusha hilo ni kazi ya spana na dakika tano, na pengine ndilo lililomwumiza kuliko yote. Kitambaa cha kiti kikiwa kimelegea kama machela, weka ubao chini ya mto. Waombeni watu wa fiziotherapia wa Bombo wamwone akiwa kwenye kiti chake, na wawaambie kama yupo karibu fundi aliyesomea viti mwendo. Chuo cha TATCOT kule Moshi kimefundisha mafundi wa namna hiyo.

Na akishakaa, kila nusu saa ainame mbele, kifua kikaribie mapaja, akae hivyo dakika mbili kamili. Kujiinua kwa mikono sekunde chache hakutoshi, damu haiwahi kurudi. Wale marafiki wa bao wapewe kazi ya kumkumbusha kwa zamu. Anayeshindwa mchezo ndiye anayemkumbusha.

Lakini hayo ni ya baadaye, na swali lake ni la leo. Nikae wapi?

Ndugu yangu, Tanga ni mji wa baiskeli, na mafundi wake wanajua kuchomelea chuma. Nendeni kwa mmojawapo mkamwambie awatengenezee toroli la kulalia kifudifudi. Si kitu nilichokibuni, kwenye hospitali za waliovunjika uti wa mgongo linatumika sana. Ni fremu ya bomba, urefu wa mtu, mbele magurudumu mawili makubwa ya baiskeli mahali mikono yake inapofika, nyuma mawili madogo yanayozunguka, na breki. Juu ni ubao na sponji nzito isiyopungua sentimita kumi, yenye nafasi tumboni kama ile ya mito. Nyayo zitoke nje ya ukingo wa nyuma. Mbele kuwe na kibao kidogo cha kuwekea kofia, sindano na uzi, kikombe cha maji. Mkwezi ana mabega. Atalisukuma mwenyewe toka chumbani mpaka barazani, na atashona.

Waombeni hao marafiki wachangie, wala usione haya. Wamekunywa kahawa kwenye baraza yako miaka mitatu, na wengi huenda wanasubiri tu kuambiwa wafanye nini. Mmoja wao pia achukue zamu ya kumnyanyua asubuhi, ili wewe ukitoka na vitumbua vyako usitoke na mgongo unaouma. Na kuhusu kule kufoka kwako, mwombe radhi kwa maneno machache, mbele ya uso wake, kisha mwambie ulivyochoka. Yeye naye anataka kuwa mume wa mtu.

Fundi asikate chuma kabla hajaja nyumbani. Apime upana wa mlango wa mbele. Apime na kizingiti. Halafu akae barazani na wale wacheza bao, apime kimo cha macho yao toka chini, ili mumeo akiwa amelala juu ya toroli lake wawe wanatazamana sawa kwa sawa.